Katalogi za kale za matunguu ya maua: zipi za kusoma, zipi za kununua, na wapi zinapatikana bure

Nianze na hukumu yangu, kwa wale mtakaosoma aya moja tu. Kama unapenda maua, au unapenda kazi nzuri ya uchapaji, katalogi za matunguu ya maua zilizochapwa Marekani kati ya 1880 na 1915 hivi zinastahili muda wako, na huna haja ya kulipa hata senti kuzitazama. Zimo kwenye Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa 2006 na inayojulikana kwa kifupi BHL. Za karatasi nazo zinauzwa, na huko ndiko unakopaswa kuwa macho. Nitazungumzia zote.

Mimi ni mtu wa uchapaji. Nilijifunza kazi Kariakoo, kwenye mashine ya ofseti ya rangi moja. Kalenda ya rangi nne tuliipitisha mashineni mara nne, huku fundi akiomba karatasi isitanuke kwa unyevunyevu kabla ya rangi ya mwisho. Sasa naishi Philadelphia, na mbele ya nyumba ninayopanga kuna kipande cha ardhi ambacho mwenye nyumba ameniruhusu nikipande. Kwa hiyo hizi katalogi nazisoma kama fundi chapa na nazisoma kama mkulima wa maua, na hukumu hizo mbili hazilingani kila mara.

Kwa asiyejua biashara hii: tulipu, hayasinti, dafodili na krokasi huota kutoka kwenye tunguu, kitu kama kitunguu kinachokaa chini ya udongo, na matunguu hayo hupandwa majani ya miti yanapoanza kupukutika, kabla ardhi haijaganda. Yanalala chini ya theluji, kisha yanachanua kuanzia Machi hadi Mei. Ndiyo sababu wauza mbegu wakubwa walitoa katalogi mbili kwa mwaka, ile nene ya mbegu mwanzoni mwa mwaka, na ile nyembamba ya matunguu mwishoni mwa kiangazi, wakati shehena za Uholanzi zilipokuwa njiani. Hii nyembamba ndiyo ninayoipenda. Mwenye duka alijua mteja hana ua hata moja la kutazama bustanini wakati wa kuagiza. Alichokuwa nacho ni karatasi tu, basi karatasi ikabebeshwa kazi yote.

Tuanze na majalada. Mengi ya miaka ya 1880 na 1890 yalichapwa kwa litografia ya rangi. Mchoraji alichora moja kwa moja juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa hadi likawa laini kabisa, na mawe yaliyosifika kuliko yote yalitoka Solnhofen, Bavaria. Alichora kwa chaki au wino wenye mafuta. Jiwe likaloweshwa maji, kisha likapitishiwa wino wa kuchapia, wino ukashika penye mafuta na kukataa penye maji. Kanuni hiyo aliigundua Alois Senefelder nchini Ujerumani mwishoni mwa karne ya 18, na ndiyo hiyo hiyo inayoendesha mashine za ofseti za Kariakoo mpaka leo. Ila sisi tulikuwa na rangi nne, na picha iligawanywa kwa filamu, siku hizi kwa kompyuta. Wao walikuwa na jiwe kwa kila rangi, na jalada moja liliweza kudai mawe manane, kumi au zaidi. Mtu ndiye aliyekaa na kuamua kwa macho yake: hapa jiwe la waridi hafifu, juu yake wekundu mzito, halafu kijivu cha kivuli pembeni mwa petali. Mahali rangi ilipotakiwa kufifia, alipiga vinukta kwa mkono, kimoja baada ya kingine.

Ndiyo maana zambarau ya hayasinti kwenye majalada hayo inanishangaza kila ninapoiona. Zambarau ni rangi ngumu kwenye uchapaji wa rangi nne. Bluu ikizidi kidogo inakuwa ya wino wa kalamu, nyekundu ikizidi inakuwa ya nyanya mbivu. Fundi wa mawe hakuwa na shida hiyo, alichanganya wino wake kwenye bamba na kuupa jiwe lake peke yake. Mji wa Rochester, jimbo la New York, ulikuwa na vitalu vingi vya miche na pia warsha za litografia zilizoishi kwa kuvihudumia. Huko huko ndiko alikokuwa James Vick, Mwingereza aliyezaliwa Portsmouth mwaka 1818, ambaye kabla ya kuwa muuza mbegu mashuhuri alikuwa mpanga herufi kwenye viwanda vya uchapaji vya New York. Ukifungua kitabu chake cha mwaka, Vick's Floral Guide, unaiona ile kazi ya awali. Nafasi kati ya mistari ni ya kupumua, picha zimekaa mahali pake, na jicho halichoki. Kati ya wauzaji wote wa wakati ule, kwa upangaji wa kurasa, nampa yeye nafasi ya kwanza.

Kwa majalada, nafasi ya kwanza nampa John Lewis Childs, muuza mbegu na matunguu wa Floral Park, Long Island. Alikuwa na makelele ya kibiashara kupita kiasi, kila ua kwake ni la ajabu kuliko la jana, lakini majalada yake hayana woga. Biashara yake ya posta ilikua mpaka mji ukapata jina na sura yake. Barabara za Floral Park zina majina ya maua, na ile kuu ni Tulip Avenue. Mji ulipopata serikali yake mwaka 1908, Childs ndiye aliyekuwa meya wa kwanza.

Sasa mkulima naye aseme. Majalada haya hayana habari na kalenda. Utakuta shada moja lenye matone ya theluji (yale maua madogo meupe yaitwayo snowdrop), krokasi, hayasinti na tulipu za mwisho, yote yamechanua kwa pamoja. Hapa Philadelphia matone ya theluji yanatoka Februari, na tulipu za mwisho zinaingia Mei. Hakuna siku hata moja utakayoyakuta pamoja bustanini. Tena kila shina la hayasinti limejaa kengele hadi chini, na kila tulipu imefunguka kwa kipimo kile kile. Jalada litazame kwa raha zako, lakini usilitumie kupanga kitalu.

Ukitaka kujua bustani za watu wale zilikuwaje, fungua ndani. Kurasa za ndani ni za wino mweusi, herufi ndogo, na picha za kuchonga. Hapo kuna jambo ambalo mtu wa uchapaji analitambua haraka: picha zinajirudia kati ya mshindani na mshindani. Tulipu iliyo kwa muuzaji wa New York unaikuta vile vile, hadi mkunjo wa jani, kwa muuzaji wa Chicago. Wauzaji wengi hawakuwa na mchongaji wao. Walinunua vibao vya picha vilivyo tayari, vilivyonakiliwa kwa shaba, kutoka kwa mafundi kama A. Blanc wa hapa hapa Philadelphia, ambaye alikuwa na katalogi ya picha za kuwauzia watu wa katalogi. Kuza picha kwenye skrini na tazama pembe ya chini, mara nyingi utaliona jina lake, dogo kabisa. Tangu nilijue hilo, siamini tena picha ya ndani kuwa ni ushahidi wa aina fulani ya ua. Ni picha ya tulipu, basi.

Kilichonishika zaidi ni orodha. Peter Henderson & Co. wa Cortlandt Street, New York, waliokuwa na kaulimbiu ya kuuza kila kitu cha bustani, na Henry A. Dreer, aliyeanza biashara hapa Philadelphia mwaka 1838, walipanga hayasinti zao kwa utaratibu wa mtu anayejua mteja wake atauliza nini. Zenye petali za safu moja zinakaa peke yake, zenye petali maradufu peke yake. Ndani ya kila kundi kuna nyekundu na waridi, halafu nyeupe, halafu bluu, halafu njano. Kila jina lina maneno machache ya rangi na umbo, na bei ya moja, ya dazeni, ya mia. Matunguu yenye jina ni ghali. Yale yasiyo na jina, yanayouzwa kwa rangi tu, ni ya kujazia vitalu vikubwa. Duka la Dreer lilikuwa 714 Chestnut Street. Nikipita mtaa huo siwezi kuacha kuwaza watu waliosimama pale mezani, kidole kikiwa kwenye orodha, wakipima kama wachukue 'General Köhler' ya bluu au wabaki na mchanganyiko wa bei nafuu.

Ukizisoma kwa kufuata miaka, orodha hizo zinasimulia mambo ambayo hayakuandikwa kama habari. Mwaka 1889 kampuni ya Krelage ya Haarlem ilizindua tulipu ndefu zinazochelewa kuchanua, zikaitwa za Darwin kwa ruhusa ya familia ya Charles Darwin. Katika katalogi za Marekani utaona zikianza kama aya fupi, kisha ukurasa, kisha kurasa na picha kubwa, huku tulipu fupi za mapema zikirudishwa nyuma. Tulipu zenye michirizi kama ya miali ya moto zilikuwa zikiuzwa kama maajabu ya asili. Mwaka 1928 Dorothy Cayley, mtafiti wa taasisi ya John Innes nchini Uingereza, alionyesha kwamba michirizi ile inatokana na ugonjwa unaoambukiza kutoka tunguu hadi tunguu. Leo tunajua ni virusi vinavyosambazwa na vidukari, na wakulima huchoma walichokuwa wanakiuza kwa bei ya juu. Halafu kuna dafodili. Serikali ya Marekani iliweka karantini ya mimea mwaka 1919, na kuanzia 1926 dafodili kutoka nje zikazuiwa kwa sababu ya nzi wa matunguu na minyoo. Ukilinganisha katalogi za kabla na baada ya hapo, utaona wauzaji wakianza kujivunia matunguu yaliyokuzwa ndani ya nchi, yale ambayo miaka michache nyuma hawakuyataja.

Mwenye hamu ya kurudi nyuma zaidi ajue kwamba mchezo huu ni wa zamani sana. Mwaka 1612 Mholanzi Emanuel Sweerts alichapisha kitabu kikubwa cha picha za mimea aliyokuwa akiiuza kwenye maonyesho ya biashara ya Frankfurt. Na kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Wageningen kuna albamu ya P. Cos ya mwaka 1637, mwaka ule bei za tulipu zilipoanguka Uholanzi, yenye tulipu zilizochorwa kwa rangi za maji, nyingine zikiwa na bei na uzito wa tunguu pembeni. Uzito ulipimwa kwa aas, kipimo cha wafua dhahabu, ambacho ishirini zake zinakaribia gramu moja. Zitazame zote mbili, lakini kwa starehe ya kusoma narudi kwa Vick na Dreer.

Huduma yenyewe ya BHL naipa alama za juu. Hudaiwi kujisajili. Unaweza kusoma ukurasa kwa ukurasa, au kupakua katalogi nzima kwa PDF. Kila kilichochapwa Marekani zaidi ya miaka 95 iliyopita hakina tena hakimiliki, kwa hiyo unaweza hata kuchapa picha na kuibandika ukutani. Sehemu kubwa ya katalogi zilizomo ni za Maktaba ya Taifa ya Kilimo iliyoko Beltsville, Maryland, yenye mkusanyiko wa katalogi zaidi ya 200,000. Mkusanyiko huo ulianzishwa mwaka 1904 na Percy Ricker, mtaalamu wa mimea wa wizara ya kilimo, na sasa unaitwa kwa jina la Henry G. Gilbert. Nawaheshimu sana watu hawa. Katalogi ni kitu ambacho kila mtu alikitupa mwaka mpya ulipoingia, nao wakaona ni kumbukumbu. Kwenye majalada mengi utakuta muhuri wa maktaba wenye tarehe ya kupokelewa, na mimi nafurahi kuuona hata ukiwa umepigwa juu ya petali.

Upungufu upo. Maandishi yaliyosomwa na mashine yanachanganyikiwa kwenye jedwali za bei, kwa hiyo ukitafuta jina la ua usiridhike na jibu la "halipo", fungua ukurasa utazame mwenyewe. Kwa simu ndogo utapata shida kusoma orodha, heri kompyuta au kishikwambi. Na kama intaneti yako ni ya kupima kwa vifurushi, usipakue katalogi nzima. Chagua kurasa unazozitaka.

Za karatasi je? Nimenunua, na nitanunua tena, lakini kwa masharti. Duka moja la vitabu vya kale, ambalo silitaji, liliniuzia katalogi iliyotangazwa kuwa kamili. Ilipofika, karatasi ya rangi ya katikati haikuwamo, imekatwa kwa wembe karibu kabisa na mshono. Walinirudishia fedha, hilo nalisema kwa haki. Lakini wembe ule unaniuma. Wauzaji hukata kurasa za rangi waziweke kwenye fremu, maana picha moja yenye fremu inaleta fedha kuliko katalogi nzima, na baada ya hapo orodha za ndani, zile zenye habari yote, zinaishia jalalani. Nawaomba wenzangu: msinunue picha iliyokatwa. Uliza kabla ya kulipa: kurasa ni ngapi, karatasi ya rangi ipo, fomu ya kuagizia ipo?

Na beba kioo cha kukuzia. Ukiweka kioo juu ya jalada la litografia halisi utaona vinukta visivyo na mpangilio, vingine vinene, vingine vyembamba, na rangi zilizo bapa kabisa. Ukiona nukta zimejipanga kwa safu na kutengeneza vimduara vidogo kama waridi, hiyo ni ofseti ya rangi nne, nakala ya juzi, hata kama karatasi imepakwa rangi ya chai ionekane kuukuu. Jaribio hili halinidanganyi. Karatasi ya ndani ya katalogi halisi mara nyingi ni ya rojo la mbao, ina asidi, imegeuka kahawia na inavunjika pembe. Hiyo si kasoro ya kumlaumu muuzaji, ni maumbile yake. Iweke ndani ya jalada lisilo na asidi, mbali na dirisha.

Raha kubwa kuliko zote ni kukuta ua la kwenye orodha bado linauzwa. Tulipu 'Keizerskroon', nyekundu yenye ukingo wa njano, ni ya mwaka 1750, na bado unaweza kuiagiza. Dafodili 'Van Sion', ya petali nyingi, ni ya karne ya 17. Hayasinti 'Lady Derby' ya waridi nayo ipo. Jihadhari na dafodili 'King Alfred' ya mwaka 1899: mengi yanayouzwa kwa jina hilo siku hizi ni ndugu zake wapya zaidi. Aina zilizopotea madukani usikate tamaa nazo mapema. Huko Limmen, Uholanzi, bustani ya Hortus Bulborum inatunza maelfu ya aina za kale, pamoja na tulipu 'Duc van Tol' ya mwaka 1595, ile ile ambayo wauzaji wa Marekani waliipendekeza kwa kuchanulisha ndani ya nyumba.

Mama mdogo wangu wa Lushoto, nilipomtumia picha za majalada, alinipigia. "Mwanangu, hayo si yangeota huku kwetu kwenye baridi?"

"Shikamoo mama. Baridi ya huko haifikii. Tulipu inataka wiki 12 hadi 16 za baridi ya chini ya nyuzi 9, mfululizo."

"Kwa hiyo nitazame picha tu?"

Hapana, mama. Katalogi hizo hizo zina kurasa za watu wasio na bustani: vyombo vya kioo vya kuoteshea hayasinti juu ya maji, na dafodili nyeupe aina ya 'Paper White' zinazowekwa kwenye bakuli la mawe na maji, bila udongo. 'Paper White' haihitaji baridi ya kuiamsha. Hiyo ndiyo niliyomshauri aitafute kwa muuzaji wa nyumbani mwenye kibali cha afya ya mimea. Mwenye friji anaweza kulipoozesha tunguu la hayasinti humo kwa miezi mitatu, lakini asiliweke pamoja na matunda. Gesi inayotoka kwenye matunda yanayoiva inaua kichipukizi cha ua ndani ya tunguu.

Kwa mnaoishi kwenye nchi za theluji, anzeni na katalogi ya Dreer au Henderson ya mwaka wowote kati ya 1890 na 1910, mkiwa na kalamu. Andikeni majina matano, mtafute nani anayauza, na mwagize kabla ya Septemba kwisha, maana aina za kale hukauka mapema madukani. Tunguu linafukiwa kwa kina cha mara tatu ya urefu wake, ncha ikitazama juu.